Guntiino Haina Ukosi

Vijana siku hizi, wa Mombasa na hata wa Garissa, wakishika nguo dukani hutazama ukosi kwanza, wasome jina la kampuni. Jina hilo ndilo linalokula fedha za Idi.

Bibi zao wa Kisomali walivaa guntiino: kitambaa kirefu kisichoshonwa, kilichopigwa fundo begani kikazungushwa kiunoni. Ukosi hakina, jina litabandikwa wapi? Wengi walitumia merikani, pamba iliyoshushwa Zanzibar na meli za Salem, Marekani, katika karne ya 19, ikaenea mpaka Benadir. Kitambaa kiliweza kuwa kile kile kwa mke wa tajiri na mke wa mchungaji. Kilichowatenga ni mkono: huyu mikunjo mingi, yule michache, na garbasaar ya rangi gani mabegani.

Leo guntiino huonekana zaidi arusini na ngomani. Sitara ya kila siku ni jilbabu. Lakini ujuzi ni ule ule, nanyi akina mama wa pwani mnaufahamu. Mabaibui yote meusi, na bado mtu hujulikana toka mbali kwa alivyojitanda mtandio.