Mbogo Maji walihama, deni likabaki Mbarali

NOVEMBA 29, 2022, Yanga ilitua Mbarali ikiwa na mechi 49 za Ligi Kuu bila kupoteza. Yannick Bangala akaitanguliza. Never Tigere akasawazisha, Lenny Kissu akapiga la pili, na Uwanja wa Highland Estate pale Ubaruku ukalipuka. Ihefu 2, Yanga 1. Rekodi ikazikwa kwenye mashamba ya mpunga.

Oktoba 2023 Wananchi wakarudi, wakalala tena 2-1.

Msimu huohuo haujaisha, Mbogo Maji wakahamishiwa Uwanja wa Liti, Singida. Mwaka 2024 wakawa Singida Black Stars. Jina la Ihefu, lile bonde oevu la Usangu, likatoweka kwenye msimamo wa ligi. Kijana wa Rujewa akitaka kuiona Simba au Yanga, ikabidi apande basi hadi Sokoine, Mbeya.

Mwenye timu ana haki yake. Anayelipa mishahara, kambi na safari za kuzunguka nchi nzima lazima atafute penye unafuu. Mchezaji naye anamdai bosi mshahara kwa wakati, na timu iliyofulia haimsaidii yeyote.

Ila klabu si duka la spea, kwamba ukihama unabeba makabati na maisha yanaendelea. Kuna mtaji usioandikwa kwenye daftari la hesabu: mkulima aliyeacha jaruba akakate tiketi, mama lishe aliyeongeza sufuria siku ya mechi, bodaboda aliyepeleka abiria Ubaruku tangu asubuhi. Hawana hisa, lakini wameweka chao. Bosi anawadai kelele uwanjani, nao wanamdai kuambiwa mapema, kusikilizwa na kuachiwa kitu.

Uingereza waliyaona haya. Wimbledon iliporuhusiwa mwaka 2002 kuhamia Milton Keynes, mashabiki waliunda AFC Wimbledon na kuanzia madaraja ya chini. Mwaka 2007 timu iliyohama, ikiitwa MK Dons, ilikabidhi makombe ya zamani kwa halmashauri ya Merton, kule ilikotoka. Timu haikurudi, lakini historia ilirudi kwa wenyewe.

Mbarali hawahitaji makubwa kuliko hayo. Jina la Ihefu halivaliwi tena Singida. Likirudishwa nyumbani, na watoto wa Rujewa wakapewa mipira na mwalimu wa kuwafundisha, angalau sehemu ya deni itakuwa imelipwa.