Ila ya Chapa na Dhara la Baadaye katika Reale ya Maria Theresa

Reale ya fedha yenye sura ya Malkia Maria Theresa ilienea sana katika masoko ya Unguja na Maskati katika karne ya 19, na hata leo huonekana kwa masonara na katika majumba ya makumbusho. Kila alama isiyo ya kawaida juu yake huitwa "ila", na neno hilo moja huficha mambo mawili: kosa lililotokea sarafu ilipokuwa ikichapwa, na dhara lililoipata baada ya kutoka kiwandani. Kosa huweza kuzidisha thamani. Dhara aghalabu huipunguza. Mwandishi wa orodha asiyeyatenga humpoteza msomaji wake, ijapokuwa hakukusudia.

Mwaka usimshangaze mtu. Maria Theresa alikufa mwaka 1780, na sarafu zilizofuata ziliendelea kuandikwa mwaka huo huo, zikichapwa Vienna, na baadaye pia Rome, London, Paris na Bombay. Tofauti ndogo za nywele au vito baina ya viwanda hivyo si kosa wala dhara. Ni mihuri mbalimbali.

Kipimo kilicho bora ni kuuliza fedha imekwenda wapi. Muhuri ukipata ufa, fedha huingia katika ufa ule wakati wa kugongwa, na juu ya sarafu hutokea mstari ulioinuka. Msumari hufanya kinyume: huchimba mfereji, na fedha iliyosukumwa hulala kandokando mithili ya udongo wa jembe. Muhuri ulioziba uchafu huacha herufi hafifu, lakini uso unaoizunguka hubaki mzima. Tupa huacha mikwaruzo. Na herufi iliyolika kwa matumizi hufifia pamoja na jirani zake.

Mizani nayo husaidia. Reale kamili ina uzito wa gramu 28 na ziada kidogo, na ukingoni mwake yamo maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA. Ikiwa uzito umepungua na maneno hayo yamekatwa kwa tupa, hapo pana mkono wa mtu.

Tundu lililotobolewa juu ya kichwa, au baki la lihamu ya kikuku, ni dhara bila shaka. Hata hivyo ni ushahidi kwamba reale ile ilivaliwa shingoni, na katika orodha yafaa liandikwe "dhara la pambo", si "sarafu mbovu".