Tulimshuku mtu kabla ya kulishuku bomba

Kwa miezi mitatu mfululizo ankara ya maji ya msikiti wetu ilipanda, ilhali idadi ya waumini haikuongezeka na Ramadhani ilikwisha kupita. Katika kikao cha kamati likasemwa jambo ambalo leo tunaona haya kulirudia: kwamba huenda mhudumu wa msikiti, ambaye hulala pale na kushika funguo za mahali pa kutawadhia, anawauzia majirani maji nyakati za usiku. Hakuna aliyekuwa na ushahidi. Lakini neno likishatamkwa huota mizizi, na baadhi yetu tukaanza kumtazama mzee yule kwa jicho jingine.

Tumeona tuyaandike yaliyofuata kwa kuwa kisa hiki si cha msikiti peke yake. Katika nyumba nyingi za kupanga familia nne au tano hutumia mita moja, na ankara ikipanda hutafutwa wa kulaumiwa: mwenye watoto wengi, anayefua kila siku, au binti wa kazi. Mara nyingi mwenye kosa yuko chini ya sakafu.

Usiku wa kusoma mita

Fundi bomba mmoja, muumini wa msikiti wetu, alitutaka tusiseme lolote zaidi mpaka tuisome mita. Baada ya sala ya Isha na watu kuondoka, tulifunga kila koki. Tulisubiri tangi la juu lijae na boya lake lifunge maji, kwani tangi linalojazwa huifanya mita izunguke hata pasipo uvujaji. Kisha tukasimama kuizunguka mita, mhudumu akiwa ndiye aliyeshika tochi.

Karibu kila mita ina kijigurudumu kidogo usoni pake, ambacho huzunguka hata maji yanapopita kwa uchache sana. Koki zote zilikuwa zimefungwa, na kijigurudumu kilikuwa kikizunguka. Kwa saa moja zilipita lita 30. Hizo ni lita 720 kwa siku, na kwa mwezi wa siku 30 ni lita 21,600. Kwa kuwa uniti moja ni lita 1,000, tulikuwa tukilipia karibu uniti 22 za maji ambayo hakuna aliyetawadha nayo, na fedha hizo zilikuwa amana ya watu.

Hakuna aliyesema neno. Mhudumu alizima tochi, akatuaga na kwenda kulala.

Kutenga kabla ya kubomoa

Asubuhi yake tulifanya kosa la pili. Karibu na mlango wa vyoo palikuwa na unyevu ukutani, nasi tukahitimisha kuwa uvujaji upo pale. Tulibomoa vigae tisa, tukachimba, tukalikuta bomba zima na kavu. Fundi alipofika alitueleza kwamba maji yaliyo chini ya sakafu hufuata mteremko na udongo laini, kisha hujitokeza mbali na yalikotoka. Unyevu huonyesha maji yalipofika tu.

Njia iliyo sahihi ni kutenga. Bomba kuu likigawanyika, kila tawi huwa na koki yake. Unafunga tawi moja na kwenda kuitazama mita. Tulifunga tawi la vyoo, kijigurudumu kikaendelea kuzunguka. Tulifunga tawi la mahali pa kutawadhia, kikasimama. Kwa hatua mbili tu, bila nyundo, tulijua upande wa kutafuta. Fundi akaziba safu moja ya koki za kutawadhia, akaiacha ya pili, na kufikia adhuhuri tulikuwa tumebakiwa na urefu wa mita tatu za sakafu.

Huko tulikuta kiungio cha bomba la plastiki gumu, lile linaloungwa kwa moto, likitoa maji taratibu. Kiungio hicho hakikufanywa na fundi. Miaka miwili nyuma, kwa nia ya kuokoa fedha, sisi wenyewe tulikodi mashine na kuunganisha mabomba siku ya Alhamisi. Mabomba ya namna ile hupashwa moto wa nyuzi 260 hivi za selsiasi, na lile la milimita 20 huhitaji sekunde 5 tu kwenye mashine, kisha husukumwa moja kwa moja bila kuzungushwa na kuachwa yapoe bila kuguswa. Yetu yalizungushwa na kusogezwa yangali ya moto. Kwa kuwa kesho yake ilikuwa Ijumaa, tukamwaga zege jioni ile ile bila ya kupima. Aliyeshika mashine siku hiyo alikuwa mmoja wetu, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kumtaja mhudumu.

Pa kuangalia nyumbani

Familia yoyote inaweza kuanza uchunguzi huu bila gharama. Fungeni koki zote usiku, someni mita, na muisome tena alfajiri kabla ya mtu kutawadha. Tarakimu zikibadilika, anzeni na choo cha kuvuta maji, maana huvuja bila sauti. Tieni chai ya rangi iliyopoa katika tangi dogo la choo na msilivute kwa nusu saa. Rangi ikionekana katika bakuli, mpira wa chini umechakaa na unahitaji kubadilishwa.

Pandeni pia kwenye tangi la juu. Boya lililokwama huacha maji yamwagike kupitia bomba la ziada nyuma ya nyumba, ambako hakuna apitaye. Wala koki inayodondoka isidharauliwe: kinga kikombe cha mililita 250, na kikijaa kwa dakika 10, unapoteza lita 36 kwa siku, ambazo kwa mwezi ni ndoo 54 za lita 20. Uvujaji ukiwa karibu na hita ya umeme au swichi, zima umeme kwanza kabla ya kugusa chochote.

Kabla ya kumwaga zege

Ndugu zetu wanaoishi nchi za baridi huyajua mabomba yaliyozikwa kuliko sisi, kwa kuwa baadhi ya nyumba za huko hupashwa joto kwa maji moto yapitayo chini ya sakafu. Huko kila mzunguko wa bomba hulazwa ukiwa mzima, bila kiungio ndani ya zege, na huwa na koki zake ili uweze kutengwa. Mabomba hujazwa maji au hewa kwa msukumo mkubwa kabla ya zege, na huachwa na msukumo huo wakati zege likimwagwa, ili jeraha lolote lionekane kwenye kipimo papo hapo.

Sisi hatuna sakafu za moto, lakini kanuni ni ile ile. Viungio viwe ukutani au ndani ya kisanduku kinachofunguka. Kila tawi liwe na koki. Na asiye na pampu ya kupimia afungue maji, aache mabomba wazi usiku mzima, na aitazame mita asubuhi kabla ya kufunika.

Katika kikao kilichofuata tulimwita mhudumu, tukamwomba radhi mbele ya kamati nzima, na katibu akaliandika hilo katika kumbukumbu kama lilivyokuwa limeandikwa lile la kumshuku. Alitusamehe. Alichoomba ni daftari moja na kalamu. Tangu siku hiyo, kila Ijumaa asubuhi huisoma mita, huandika tarakimu, na hutuletea tutie saini.