Ng'ombe Anachechemea Kidogo: Tafuta Panapouma

Jioni ng'ombe wanarudi zizini. Mmoja amebaki nyuma. Hana jeraha, wala hakuvunjika, lakini mwendo wake si ule wa jana. Usiseme, "Amechoka tu, kesho atapona." Ng'ombe huficha maumivu. Ukimwona anachechemea kidogo leo, huenda anaumwa tangu juzi. Na upo ugonjwa mmoja ambao haukungoji mpaka keshokutwa.

Kwanza usimshike. Mwangalie. Mtu mmoja amwongoze polepole mahali tambarare na pagumu. Wewe simama ubavuni. Akikanyaga kwa mguu wa mbele unaouma, ng'ombe huinua kichwa ili asiulemee. Akikanyaga kwa mguu mzima, kichwa hushuka. Hapa wengi hukosea. Wanaona kichwa kinashuka, wanaushika mguu huo, kumbe huo ndio mzima! Ng'ombe wetu wa Ankole wanaturahisishia kazi: ncha za pembe zao ndefu huonekana zikipanda na kushuka hata ukiwa mbali.

Kama mguu mbaya ni wa nyuma, simama nyuma yake utazame nyonga zote mbili. Nyonga ya upande unaouma hupanda na kushuka kuliko ile nyingine.

Sasa mfunge vizuri, uoshe mguu. Anza chini. Watu hupenda kusema bega limeteguka, lakini mara nyingi ugonjwa uko kwenye kwato. Katika mguu wa nyuma, chunguza sana ukwato wa nje. Katika mguu wa mbele, chunguza ule wa ndani. Tazama katikati ya kwato mbili. Je, kuna mwiba, jiwe au kupe? Je, nyama imeoza na inanuka? Huko ni kuoza kwato, na ugonjwa huu hupenda matope na samadi mbichi. Wewe unayefuga ng'ombe wa maziwa bandani karibu na migomba, huko Kayanga au Nkwenda, sakafu yako ikoje?

Weka kiganja juu ya ukwato, kisha juu ya ukwato wa mguu wa pili. Je, mmoja una joto zaidi? Ugonge taratibu kwa kijiti. Akivuta mguu kwa ghafla, huenda usaha umejificha ndani. Usichimbe kwa panga. Mwite Bwana Mifugo, ana kisu cha kazi hiyo.

Kwato zikiwa nzima, panda juu: kifundo, goti, paja, bega. Fananisha mguu na mguu.

Fungua na mdomo. Akitoka mate mengi, akawa na vidonda kwenye ulimi, kwenye chuchu na kati ya kwato, na wenzake nao wameanza, huo ni ugonjwa wa midomo na miguu. Usimpeleke mnadani wala kwenye malisho ya pamoja. Toa taarifa siku hiyo hiyo.

Lakini ugonjwa niliousema mwanzo ni chambavu. Huwapata hasa ng'ombe wa miezi 6 hadi miaka 2, na hupenda wale wanono. Asubuhi anachechemea, paja au bega limevimba. Ukibonyeza, chini ya ngozi panachakacha kama majani makavu ya mgomba. Hapo usingoje hata jioni. Anaweza kufa katika siku moja au mbili, na dawa husaidia tu ikiwahi sana. Kinga yake ni chanjo.

Akifa, usimchune wala usigawe nyama, hata kama alikuwa amenona. Vijidudu vya chambavu hukaa udongoni miaka mingi, vikingoja ndama wa mwakani. Mzike mzima katika shimo refu, mbali na maji na malisho. Kisha hesabu ndama waliobaki, umuulize Bwana Mifugo watachanjwa lini.