STARLET INALIA MLIMANI? SOMA HII KABLA HUJANUNUA INJINI YA MTUMBA

Nipo Chanika, Handeni. Napeleka mahindi na maharage Korogwe, narudi na nyanya na vitu vya dukani. Wenzangu wenye Starlet mnajua: kushuka Korogwe ni raha, kupanda na mzigo gari linalia. Kijiweni utaambiwa "toa hiyo injini, weka kubwa." Inawezekana kabisa, ila huo ni mtaji wako. Twende taratibu.

1. DAI KWANZA NGUVU YAKO
Badilisha ea klina na plagi. Angalia klachi: injini ikinguruma na gari haliongezi mwendo, inateleza. Baada ya safari sogeza mkono karibu na rimu, ikiwepo moja ya moto kuliko wenzake, breki inashika. Halafu fundi apime kompresheni. Wengi wataishia hapa na hela ibaki mfukoni.

2. KAMA INJINI IMEKWISHA KWELI
Starlet nyingi zina 4E, cc 1331. Toyota Raum toleo la kwanza ina 5E, cc 1497. Hizi ni ndugu wa tumbo moja. Upana wa silinda ni ule ule, milimita 74, ila pistoni ya 5E inatembea milimita 87 badala ya 77.4. Ndiyo maana inavuta vizuri bila kuikimbiza. Ukichukua injini ya ukoo mwingine, itakudai maunti, ekzosi, gia boksi na kuchomelea juu.

3. USINUNUE INJINI UCHI
Raum iliyogongwa ikiwa inakatwa, chukua injini pamoja na kontroli boksi, wayaringi na sensa zake. Ukikosa hivyo, pesa uliyookoa itaishia kwa fundi umeme. Raum ikiwa otomatiki na Starlet yako ni ya klachi, fundi alinganishe flaiwili kabla hujalipa.

4. KAGUA
Fungua mfuniko wa oili. Ukikuta uji wa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, ondoka. Ikiwezekana iwashwe: moshi wa bluu maana yake inakula oili. Andikishana na muuzaji siku za kuijaribu. Taiming belti na sili weka mpya wakati injini iko chini, maana baadaye utalipa ufundi mara mbili.

5. KARATASI
Kadi ya gari ina namba ya injini. Dai risiti yenye namba ya injini unayonunua, kisha peleka taarifa TRA wabadilishe. Injini isiyo na risiti inaweza kuwa ya wizi, na siku ya kuuza gari au kudai bima utakwama.

6. BREKI NA SPRINGI NI ZILE ZILE
Nguvu ikiongezeka usiongeze magunia. Injini inakupandisha, lakini breki ndizo zinakushusha.

Mwisho, chukua daftari. Andika bei ya injini, ufundi, usafiri na siku ambazo gari litalala gereji. Gawanya kwa faida halisi ya safari moja. Utapata idadi ya safari za kurudisha hela. Idadi ikikutisha, kodi Kirikuu siku za mzigo mkubwa, Starlet ibaki na mzigo wake.

Kazi njema.