Kwa Nini Anemoni Hamuumi Samaki Wake

Kutoka Mzumbe, Morogoro, hadi Bahari ya Hindi ni mbali. Anayetaka kufuga viumbe wa bahari hapa hana budi kujitengenezea chumvi, joto na mwanga ndani ya kioo. Akishafaulu, mara nyingi hukutana na kero nyingine: yule samaki wa rangi ya machungwa mwenye mistari myeupe, ambaye watoto wanamwita Nemo tangu filamu ya mwaka 2003, anakataa kabisa kuingia kwa anemoni aliyewekewa. Sayansi imetupa sababu, na ndani ya sababu hiyo mna dawa.

Anemoni huonekana kama ua, lakini ni mnyama, ndugu wa matumbawe na yavuyavu. Minyiri yake imejaa seli zenye sindano za sumu, na kila seli ni kama mtego wa panya: kijiti kikiguswa, hufyatuka. Samaki wa kawaida akigusa hapo, anapooza na kuliwa. Lakini samaki wa anemoni, kama Nemo, hulala humohumo usiku kucha.

Mwaka 2025 kundi la watafiti, wakiwemo wa Okinawa nchini Japani, walichapisha matokeo yanayoelekeza kwenye asidi ya siali, aina ya sukari iliyomo katika ute wa samaki. Anemoni mwenyewe hana sukari hiyo, kwa hiyo akiihisi anajua kimekuja chakula. Ute wa samaki wa anemoni unayo kidogo mno. Vifaranga wake huanza nayo kwa wingi na huumwa kama samaki wengine. Inapungua wanapokua na mistari myeupe kujitokeza, na hapo ndipo wanapoweza kuhamia kwa mwenyeji wao.

Fundisho kwa mfugaji ni hili: amani hiyo inatoka katika ngozi ya samaki, haitoki mkononi mwako. Usimshike wala kumsukuma kwenye minyiri. Utamkwangua ute unaomlinda. Kazi yako ni kuoanisha jamii ya samaki na jamii ya anemoni wanaoendana, na kutengeneza makazi.

Nemo wa madukani kwao ni Asia ya Kusini-Mashariki na Australia, na kwa asili hakai na anemoni mwenye ncha za mapovu, ambaye ndiye rahisi kumfuga. Wengine humzoea baada ya wiki au miezi, wengine hawamzoei kamwe. Lakini pwani yetu, kuanzia Kenya kushuka hadi Afrika Kusini, ina samaki wake, Amphiprion allardi, ambaye porini huishi na anemoni huyohuyo. Ukimpata aliyezaliwa kwenye tangi, umekaribia kufaulu.

Mtangulize anemoni. Tangi liwe limekomaa angalau miezi sita, kwani anemoni hastahimili maji yanayobadilikabadilika. Tumia chumvi maalumu ya bahari, takriban gramu 35 kwa lita. Chumvi ya mezani haina kalsiamu na magnesiamu ya kutosha. Maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji yasiyo na chumvi wala klorini, kwa sababu chumvi haikauki pamoja nayo. Weka joto kati ya nyuzi 25 na 27, hasa Juni na Julai baridi ya Milima ya Uluguru inaposhuka usiku. Taa iwe kali, kwani ndani ya anemoni mna mwani mdogo unaomlisha kwa nguvu ya mwanga. Ziba mdomo wa pampu kwa sifongo, maana anemoni hutembea na anaweza kunaswa humo. Uwe pia na pampu ya hewa ya betri kwa siku ambayo umeme umekatika.

Anemoni akishika mwamba na kutulia, mtie samaki, kisha umwachie muda. Wakielewana, kila mmoja hufaidika: kinyesi cha samaki ni mbolea ya ule mwani, na samaki huwafukuza walao minyiri.

Asipoingia kamwe, usijilaumu. Samaki huyu anaweza kuishi tangini miaka mingi bila anemoni, mradi hakuna samaki mkubwa wa kumla. Anemoni wa porini huishi miongo, na akichukuliwa, familia nzima ya samaki hubaki bila kinga. Kwa hiyo nunua samaki waliozalishwa tangini na anemoni waliogawanyika tangini. Wa Mafia na Unguja waache kwenye miamba yao.