Medali bila karatasi ni sawa na diplome bila jina

Wandugu wanafunzi, na ninyi mliomaliza iniversite, kuna watu wanaokusanya stempu, wengine feza za zamani. Leo tuongee juu ya wale wanaokusanya medali za zamani za jeshi la Ujerumani, zaidi sana ile inayoitwa Msalaba wa Chuma.

Mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prussia aliianzisha mwaka 1813, wakati wa vita na Napoleon. Askari yeyote aliweza kuipata, mkubwa kwa mdogo, bila kuuliza ukoo wake. Ikarudishwa tena 1870, 1914 na 1939.

Mtego wa kwanza uko hapo. Msalaba wa daraja la pili wa 1914 unaonyesha 1914 mbele, lakini nyuma umeandikwa 1813, kwa kukumbuka mwanzo wake. Muuzaji mjanja anakuonyesha nyuma tu: "Hii ni ya 1813!" Na bei inapanda. Juu ya nini? Ile ya 1813 ni chache sana, lakini za vita ya kwanza ya dunia zilitolewa kwa mamilioni.

Mwenye kujua anaangalia kwanza namna ilivyotengenezwa. Kwa kawaida, katikati ni chuma cheusi, na pembeni ni fremu ya feza ya vipande viwili vilivyounganishwa. Sumaku inashika chuma, haishiki feza. Lakini sumaku peke yake haitoshi, maana mwenye kuiga naye anatumia chuma. Ndiyo maana anatafuta pia alama ndogo ya mtengenezaji, mara nyingi iko kwenye pete ya juu. Na hasugui medali ili ing'ae: ule weusi wa miaka ni ushahidi, ukiutoa umeharibu.

Lakini kubwa kuliko yote ni karatasi. Kwa kawaida msalaba haukuandikwa jina la askari. Misalaba miwili inaweza kufanana kabisa, ila ule uliobaki na cheti chake ndio wenye bei, juu tunajua ni nani aliuvaa na kwa nini.

Hiyo inatuhusu na sisi. Mwaka 1916 Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabeljiji, ilipigana na Wajerumani ikaingia Tabora mwezi wa tisa. Mwaka ule ule kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, alipewa Pour le Mérite, medali kubwa ya Prussia. Jina lake liko vitabuni. Na wale babu zetu waliopigana, na wapagazi waliobeba mizigo mpaka kule? Wengi wao hatuwajui hata kwa jina.

Basi, kama nyumbani kwenu kuna medali ya babu, ya nchi yoyote, usiisugue, wala usikimbilie kuiuza. Kaa na wazee kwanza. Uliza jina lake, kijiji chake, alienda wapi, alirudi mwaka gani. Andika, weka karatasi hiyo pamoja na medali. Chuma kitadumu chenyewe; jina linadumu kama kuna mtu aliyeliandika.